Mkono Juu ya Gia

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya ishirini na tatu tangu tuoane. Nimeamka nikamkuta mke wangu bado yupo! Kila asubuhi ni hivyo, na kila asubuhi nashangaa upya. Nilimtazama akifunga kilemba mbele ya kioo, pini mdomoni, nikasahau kuvaa soksi. Nimefika kazini nimezishika mkononi.

Wazo limenijia saa nne, nikiwa nimesimama katikati ya magodoro. Naliandika kabla halijapoa. Dukani waliingia mke na mume, watu wazima, na pikapu lao chakavu. Wakachukua godoro la futi tano kwa sita. Nikawasaidia kulifunga kamba. Walipowasha gari ndipo nikaona: mume kaweka mkono juu ya gia, na mke kaweka mkono wake juu ya mkono wa mume. Wakaondoka hivyo hivyo! Gia ya kwanza, mikono miwili. Gia ya pili, mikono miwili. Nilisimama pale barabarani mpaka bosi akatoka kuuliza kama nimeota mizizi.

Sisi nasi tuna gari. Baba mkwe alitukabidhi siku ya harusi, mbele ya watu wote: gari lake la kupandia milima, kongwe, la kijani, tairi ya akiba mgongoni kama mtoto. Amelitumia miaka kumi na tisa. Kasoro yake ni moja tu. Ni la otomatiki! Gia unaigusa mara mbili, unapoondoka na unapofika. Hapo katikati hakuna kitu. Mapenzi gani hayo?

Nimeamua. Naing'oa giaboksi ya otomatiki, naweka ya gia za mkono, na klachi yake. Kwa siri! Mke wangu atayaona hayo Jumapili ya tarehe kumi na sita, tutakapokwenda kwao kula chakula cha mchana.

Siku hiyo ina jambo jingine pia, dogo. Baba mkwe alisema pale harusini kwamba kadi ya gari haibadilishi jina mpaka alione tena gari lenyewe, hiyo tarehe kumi na sita. Akilikuta limetunzwa, ni letu moja kwa moja. Akilikuta limeharibiwa, analichukua na kumpa shemeji, kaka yake mke wangu. Watu walicheka. Baba mkwe hakucheka. Mke wangu naye hakucheka, maana amekulia kwenye kiti cha nyuma cha gari hilo. Kwenye mlango wa nyuma kuna jina lake, alilolichora kwa msumari akiwa na miaka minane. Nimelibusu mara mbili.

Sina wasiwasi. Gari lililokuwa na pedali mbili likirudi na tatu, limeharibiwa hapo? Limeongezewa!

Kumbukumbu: sijawahi kuendesha gari la gia za mkono. Nina siku kumi na tatu. Kuogelea nilijifunza kwa siku mbili, ingawa ya pili niliimalizia hospitali.

Jumanne, 4 Juni

Nimempelekea fundi gari. Watu humwita Fundi Bado, kwa sababu ndilo jibu lake kwa kila swali. Gari limeisha? Bado. Umekula? Bado. Lakini mikono yake ina akili.

Akaniuliza otomatiki inaumwa nini. Nikamwambia haiumwi, ni nzima kama ng'ombe. Akaniuliza basi naitoa kwa nini. Nikamweleza juu ya pikapu, mkono wa mume na mkono wa mke. Nilieleza vizuri, hata mimi mwenyewe machozi yalinilenga. Fundi Bado alijifuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu sana. Akasema ana miaka thelathini chini ya magari na hajawahi kuletewa ugonjwa huo.

Amekubali. Malipo yake ni godoro la futi sita, mgawo wangu wa mwaka kutoka dukani. Akasema mkewe atafurahi. Unaona? Mapenzi yanaambukiza!

Akataka kuanza na breki ya mkono. Imekufa, waya umeliwa na kutu. Akasema baba mkwe miaka yote alikuwa akisimama anaisukuma gia kwenye herufi P na kushuka zake, gari limejifunga, kwa hiyo hajawahi kuivuta. Gia za mkono hazina P. Bila breki ya mkono, gari litajiendea lenyewe. Nikamwambia breki ya mkono ni ya waoga, tuanze na mambo ya moyo. Akasema sawa, basi nikisimama popote niliache ndani ya gia, na niweke jiwe kwenye tairi. Nikasema ndiyo, ndiyo.

Mke wangu ameuliza gari liko wapi. Nimemwambia linabadilishwa oili, litarudi baada ya kama wiki mbili. Akauliza oili gani ya wiki mbili. Nikasema nzito.

Alhamisi, 6 Juni

Shemeji amekuja. Huyu kazi yake ni kukagua mitungi ya kuzimia moto kwenye maofisi, na macho hayo hayo huja nayo nyumbani kwangu. Sisi tunamwita Mkaguzi. Ana kigari kipya cheupe, kinang'aa kama jino. Hukiegesha pale pale siku zote: chini kabisa ya uwanja wetu, kwenye kivuli cha ukuta. Uwanja wetu umeteremka kama ulimi, na yeye hupenda kuteremka.

Hakukaa hata kitako. Akauliza, shemeji, gari la mzee liko wapi? Nikasema kwa fundi. Lina nini? Nikasema linapumzika. Akasema hata yeye angelipumzisha vizuri, tayari amepima nafasi pale kwake, futi kumi na saba kwa nane, na amemwaga na kokoto. Kokoto! Za gari la mke wangu!

Mke wangu akamwambia kaka, kokoto hizo apandie maua. Nilikaribia kumbusu mbele ya shemeji.

Alipoondoka, mke wangu alikaa karibu nami akasema polepole kwamba gari hilo asingependa kuliona kwenye kokoto za mtu. Akasema ni kitu pekee cha utotoni kwake ambacho bado kinatembea. Nikamshika mkono. Nikamwambia aniachie mimi. Akanitazama kama mtu anayesoma maandishi madogo ya chupa ya dawa.

Ananipenda huyu mwanamke!

Jumamosi, 8 Juni

Leo giaboksi ya otomatiki imetoka! Watu watatu waliibeba. Nzito, nyeusi, imejaa mafuta, imekaa sakafuni kama kiboko aliyekosewa adabu. Fundi Bado aliipangusa kwa upole. Akasema haikuwa na hata mkwaruzo. Alilisema hilo kwa sauti ya msibani.

Giaboksi ya mkono imepatikana kwa wauza vipuri, imetolewa kwenye gari la aina hiyo hiyo lililoanguka. Imeingia. Pedali ya klachi imeingia. Likazuka jambo. Giaboksi hii urefu wake ni mwingine, kwa hiyo zile propela, vile vyuma virefu vya kuzungusha magurudumu, hazifiki zinapotakiwa kufika. Ya mbele imekuwa fupi, ya nyuma imekuwa ndefu.

Nikafikiri haraka. Nikasema, si tuzibadilishane? Ndefu ije mbele, fupi iende nyuma!

Fundi Bado akavua kofia. Akaivaa tena. Akasema atazipeleka kwa mchomeleaji, moja ikatwe, moja iongezwe, na mimi niende kuuza magodoro.

Wivu wa kitaalamu. Nimemsamehe.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ya thelathini ya ndoa! Nimemnunulia ua. Kwa bahati mbaya nimelikalia.

Nimeanza masomo ya udereva, chumbani, mke wangu akiwa kazini. (Yeye ni karani wa stoo kwenye idara ya maji.) Vifaa: ndala tatu na mwiko. Nimekaa ukingoni mwa kitanda. Ndala ya kushoto klachi, ya kati breki, ya kulia mafuta. Mwiko nimeusimamisha ndani ya jagi, ndiyo gia. Nakanyaga, nabadilisha, naachia. Mdomoni natoa mlio wa injini. Baada ya robo saa nilikuwa nimefika mbali sana, kwenye kona kali, mvua inanyesha, mkono wangu mmoja kwenye mwiko na mwingine nimeuweka juu yake, wa mke wangu huo.

Nikainua macho. Mke wangu amesimama mlangoni na mkoba wake.

Nikasema ni mazoezi ya mgongo. Daktari mmoja, mteja wetu, ndiye aliyeshauri. Akauliza mwiko wake na wenyewe unaumwa mgongo? Nikasema unasaidia mizani. Akautoa mwiko ndani ya jagi, akaenda kusonga ugali. Mlangoni akageuka akasema kitu cha ajabu kidogo, kwamba mgongo ukifika kwenye kona kali, upunguze mpaka namba mbili kabla ya kona, si ndani ya kona.

Sikuelewa. Mambo ya wanawake na migongo. Lakini sauti yake! Kama asali kwenye kijiko cha moto.

Udereva: nimeumudu.

Jumatano, 12 Juni

Kila kitu kimefungwa. Nikapanda. Nikazungusha ufunguo. Kimya! Hata kikohozi hakuna.

Nikafikiri tumeliua. Nikaona kokoto za shemeji mbele ya macho yangu. Nikajikaza kisabuni. Fundi Bado akaja na taa, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Akanieleza kwamba stata ya gari la otomatiki, kabla ya kuamka, huuliza kwanza kama gia iko kwenye P. Ikiambiwa ndiyo, inaamka. Sasa P iko sakafuni kwenye gunia. Stata inauliza na hakuna wa kuijibu.

Maskini! Nilihisi uchungu. Ni sawa na mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe wamehama.

Akaziunganisha waya mbili, akasema sasa inadhani inajibiwa ndiyo siku zote. Kwa hiyo nisiwashe kamwe bila kukanyaga klachi, maana gari likiwa ndani ya gia litaruka. Nikamwambia fundi, mimi nimefika kona kali na mvua, unanifundisha kuwasha?

Nikawasha. Likaruka.

Fundi mwenyewe alikuwa pembeni, hakuguswa. Tulisimama ndani ya lundo la tairi. Moja ilibingirika ikatoka nje ya geti, ikavuka barabara, ikaingia kwa kinyozi. Kinyozi akairudisha mwenyewe, na mteja wake nyuma, kichwa nusu, akauliza kama kuna nyingine zinakuja ajipange.

Gari halikupata hata kovu. Chuma cha zamani! Fundi Bado amesema Jumamosi atalileta nyumbani yeye mwenyewe. Nikasema naweza kulichukua. Akasema bado.

Jumamosi, 15 Juni

Limekuja! Nilipanga nimfunike mke wangu macho kwa kitambaa, nimwongoze mpaka mlangoni, nimkalishe, niuchukue mkono wake niuweke juu ya gia. Lakini Fundi Bado amefika mapema, na aliyemfungulia geti ni mke wangu, na vitambaa vyote vilikuwa kwenye beseni.

Alilizunguka gari mara moja. Akafungua mlango wa dereva. Akaziona pedali tatu. Akafungua mlango wa nyuma, akalipitishia kidole jina lake, herufi kwa herufi, kama mtu anayehesabu watoto wake baada ya safari. Akafunga.

Nikamwambia kila kitu. Pikapu, mikono, mwiko. Akaniuliza baba anajua? Nikasema atajua kesho. Akaniuliza ni kweli nimeitoa giaboksi nzima, isiyo na kosa, ya gari la baba yake, siku moja kabla baba yake hajalikagua. Nikasema ndiyo. Akakaa kwenye ngazi. Akajifunika uso kwa mikono, mabega yakawa yanamtikisika. Furaha! Au kicheko. Au kitu cha tatu. Sikutaka kumwingilia.

Baadaye akauliza swali moja tu. Breki ya mkono? Nikamweleza habari ya waoga. Fundi Bado akatazama angani.

Mke wangu akainuka. Akaenda pale fundi alipoiteremsha ile giaboksi ya zamani, ndani ya gunia. Wakaiviringisha wote wawili mpaka chini ya gari, wakaigandamiza kwenye tairi, upande wa mteremko. Gari likaegemea, likatulia. Fundi akasema kwa masikitiko kwamba hata ikiwa chini, inafanya kazi ile ile.

Mimi nikasema inapendeza, kama sanamu.

Jumapili, 16 Juni

Siku kubwa!

Nilivaa suti ya harusi. Nikapanda mimi upande wa usukani. Mke wangu akakaa pembeni, gauni la buluu, mikono mapajani. Nikakanyaga klachi, nikawasha, nikaachia. Likazimika. Nikawasha. Likazimika. Mara kumi na moja, kutoka mlangoni mpaka getini, ambapo ni hatua tisa. Jirani alitoka na kiti.

Mke wangu akaniambia nisogee. Kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi. Akazunguka, akapanda, akavua viatu. Na gari likaondoka kama maji kwenye bomba! Kwanza, pili, tatu, sikusikia gia ikikwaruza hata mara moja. Nilibaki mdomo wazi. Kumbe kabla ya kuwa karani wa stoo, mke wangu alikuwa akiendesha lori la mabomba la idara ya maji, miaka miwili, kwenye milima. Nikamuuliza mbona hakuwahi kuniambia. Akasema sikuwahi kumuuliza.

Ni kweli. Lakini nani humuuliza malaika kama anajua kuruka?

Alinipa jiwe nilipakate, la kuwekea tairi tukifika. Basi nikawa na mkono mmoja juu ya jiwe, na mwingine, taratibu, nikauweka juu ya mkono wake, kwenye gia. Hatimaye! Moyo wangu ulipiga kelele. Akanichapa kibao cha vidole. Akasema, mume wangu, unanizuilia gia ya tatu. Nimekitunza kibao hicho. Bado nakisikia.

Tukafika. Nyumba ya wakwe iko juu, uwanja unateremka mpaka kwenye tangi la maji la mama mkwe, kamba ya nguo ikiwa katikati. Mke wangu akalisimamisha juu, pua ikitazama chini, akaliacha ndani ya gia. Nikaweka jiwe. Akaingia jikoni kwa mama yake.

Ndipo akaja Mkaguzi. Akafungua mlango. Akainama. Akaanza kuhesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Ta... Baba! Njoo uhesabu na wewe, mimi sijiamini!

Baba mkwe akaja na fimbo yake. Akatazama kwa muda. Akauliza otomatiki yake iko wapi. Nikasema iko salama, inashikilia gari nyumbani. Hakunielewa. Shemeji akasema mzee amwandikie tu kadi leo leo, gari litafia mikononi mwa huyu. Halafu akanigeukia mimi, akacheka, akasema, kwani shemeji, na wewe unaendesha, au wewe ni wa kushika jiwe?

Mbele ya baba mkwe!

Nikasema nitalisogeza kivulini, wote waone. Nikaliondoa jiwe, nikaliweka pembeni vizuri, maana jiwe mbele ya gari zuri ni uchafu. Nikapanda. Kabla ya kuwasha, nikaitoa gia kwanza, niwashe kwa adabu kama fundi alivyosema. Gari likaanza kwenda.

Sikuwa na hofu. Nikakanyaga breki. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote, kwa mguu wa kushoto, pedali ya kushoto. Ilishuka mpaka sakafuni na gari likazidi kwenda. Nikakumbuka baadaye kwamba ya kushoto ilikuwa ndala ya klachi.

Baba mkwe akawa anatembea pembeni ya dirisha langu, na fimbo yake, hatua za kawaida. Akauliza, mkwe, unakwenda wapi? Nikasema kivulini, baba. Akasema kivuli umekipita. Akaanza kutembea haraka kidogo. Kamba ya nguo ikaja. Shuka jeupe likanikaa kwenye kioo cha mbele, sikuona tena kitu. Nikamsikia mama mkwe akilitaja tangi lake. Nikamsikia shemeji juu ya ukuta. Alifikaje kule sijui.

Mara mlango wa pili ukafunguka. Mke wangu! Amekimbia peku kutoka jikoni, unga mikononi, amerukia ndani. Akaisukuma gia kwa kiganja, akanipigia kelele, toa mguu! Nikauliza upi. Yote! Toa yote! Nikainua miguu yote miwili hewani kama mtoto kwenye bembea. Gari likashtuka, likapiga kwikwi moja, likasimama. Kati ya pua yake na tangi, baba mkwe alipima kwa fimbo: kiganja kimoja na nusu.

Shuka likadondoka lenyewe. Mama mkwe akasema basi hayo mashuka yafuliwe tena.

Baba mkwe akaweka jiwe mwenyewe. Akalizunguka gari, akapiga bodi kwa kifundo cha kidole, akachungulia chini, akapitisha mkono kwenye maungio ya propela. Nilimwona mke wangu amesimama, mikono imefumbatwa na unga wake, anamtazama baba yake kama mtoto wa miaka minane aliyeshikwa na msumari. Hapo tu, kidogo, kokoto niliziona zinang'aa.

Baba mkwe akafungua mlango wa abiria, akapanda, akamwambia binti yake, nipeleke mpaka juu kwenye mnara wa simu. Wakaenda wawili. Ile njia ni ya mawe na makorongo. Tulisikia injini ikipanda, ikishuka gia, ikipanda. Shemeji alikaa akisubiri izimike. Haikuzimika.

Waliporudi baba mkwe alikuwa anafuta macho. Upepo, nadhani. Akasema fundi aliyezikata zile propela ana mkono. Akasema katika gari lile otomatiki ndiyo haikuwahi kumwangusha, na breki ya mkono ndiyo aliyoipuuza miaka kumi na tisa, kwa hiyo kosa la leo tumegawana. Akamwamuru shemeji aje kwetu Jumanne asubuhi aitengeneze. Halafu akatoa kadi mfukoni, na kalamu, akaandika juu ya boneti.

Ni letu! Yaani, limeandikwa jina la mke wangu peke yake. Baba mkwe alimkabidhi akasema gari ni lako, mwanangu, na huyu mwenzako apande.

Apande! Baba mkwe amenikaribisha rasmi.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya thelathini na saba. Naandika dukani, nimelalia godoro la maonyesho. Bosi ametoka.

Nimefikiri sana. Jana wakati wa kurudi nilihesabu. Kutoka kwa wakwe mpaka kwetu mke wangu alibadilisha gia mara sitini na moja. Sitini na moja! Mara zote hizo mkono wake uko kazini, na wangu uko kwenye jiwe. Ndipo nikauona ukweli ambao yule mzee wa pikapu hakuwahi kuujua. Gia ya mkono ndiyo mpinzani wangu! Ingekuwa otomatiki, mkono mmoja wa mke wangu ungekuwa huru njia nzima. Ningeushika kutoka geti mpaka geti, bila kibao hata kimoja.

Nimeamua. Narudisha otomatiki. Kwa siri! Itakuwa zawadi ya miezi miwili ya ndoa.

Nimempigia Fundi Bado. Kwa mara ya kwanza hakusema bado. Alikata simu. Mtandao. Lakini kuna fundi mwingine karibu na dukani, kijana wa siku hizi, nimemwahidi kumletea giaboksi kesho, saa mbili kasoro.

Giaboksi iko pale pale, chini ya tairi. Tatizo ni shemeji. Naye anakuja kesho mapema kutengeneza breki ya mkono, ataegesha kigari chake pale chini kwenye kivuli cha ukuta, atakuja juu na macho yake, ataiona giaboksi na ataanza maswali. Lazima iwe imeondoka. Nitamwacha aegeshe, aingie ndani anywe chai, hapo ndipo nitaivuta, nitaiweka kwenye toroli, nitapita geti la nyuma.

Mchana huu nimepita nyumbani kujaribu kama itatoka kirahisi. Imebanwa kidogo, gari limeiegemea, lakini nikipiga nyundo mara mbili itatoka. Nimekuta pia mke wangu ameliacha gari ndani ya gia. Nimeirudisha katikati. Si vizuri chuma kukaa kimebanwa mchana kutwa, nacho kina uchovu wa jana.

Hajui kitu. Alikuwa amerudi kula; amenipungia mkono kutoka dirishani, kilemba kipya, chekundu. Nilisahau kuiacha toroli ya duka pale nyumbani, ikabidi nirudi.

Kesho, saa moja na nusu. Nyundo mbili tu. Shemeji naye atakuwepo, aone jinsi mwanamume anavyompangia mkewe mambo.

Itakuwa ghafla. Atashangaa!